Rilativiti ya jumla na sura zake nyingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mtu akianza kusoma rilativiti ya jumla, nadharia ya Einstein ya graviti (mvutano), kwa umakini, akakuta kitabu kimoja kinaongelea metriki (namba zinazopima umbali ndani ya anga-wakati) na mpindo, kingine kimejaa tetradi (vekta nne kwenye kila nukta), cha tatu kinatenganisha anga na wakati kana kwamba Einstein hakuviunganisha, alafu vyote vinasema ni nadharia ileile. Na kweli ni ileile, imeandikwa tu kwa sura, yaani namna, tofauti. Hayana mpangilio maalum, rukia lolote unalotaka.

Kwani Einstein si alishaandika milinganyo yake, ya nini tena sura nyingine?

Aliandika ndio, tarehe 25 Novemba 1915 pale Berlin, na ukiacha konstanti ya kosmolojia, namba ya ziada inayohusu ulimwengu mzima, aliyoiongeza 1917, milinganyo ile haijaguswa mpaka leo. Upande mmoja mpindo wa anga-wakati, upande wa pili mata na nishati. Ila hata mwezi huohuo njia ya pili ilikuwa tayari mezani, kwasababu siku 5 kabla yake, tarehe 20, David Hilbert kule Göttingen alikuwa ameshawasilisha yake, akianzia kwenye kitu kinaitwa aksheni, yaani unachukua mpindo wa kila sehemu ya anga-wakati unaujumlisha wote unapata namba moja, alafu unasema maumbile yanakubali lile umbo ambalo ukilisogeza kidogo tu namba hiyo haitikisiki. Ukifanya hesabu hiyo vizuri unatokea kwenye milinganyo ya Einstein. Kwahiyo nadharia hii haijawahi kuwa na sura moja, hata utotoni.

Kama majibu ni yaleyale, watu wanahangaika nini sasa?

Angalia kwanza yaliyotokea kwa Newton. Lagrange mwaka 1788 aliandika upya umekanika wote kwa nishati badala ya kani, Hamilton miaka ya 1830 akauandika tena kwa namna yake, na pendulamu haikujali, iliendelea kuning'inia vilevile. Mtu wa wakati ule angeweza kusema hawa wanacheza na kalamu tu. Lakini nadharia ya kwanta, ya vitu vidogo kama atomu, ilipokuja 1925 na 1926, Heisenberg na Schrödinger wote walihitaji lugha ya Hamilton, ya Newton ilikuwa haina pa kushikia, na Feynman alipotafuta njia yake mwaka 1948 akaanzia kwenye Lagrange. Sura tatu zinazotoa jibu moja kwa pendulamu, lakini mbili tu ndo zilikuwa na mlango wa kwenda mbele.

Kwenye rilativiti ni hivyohivyo na zaidi. Sura moja inakupa simulesheni isiyolipuka, nyingine inakuwezesha kuthibitisha kwamba nishati haiwi hasi, nyingine inakuruhusu kuweka elektroni ndani ya anga-wakati iliyopinda, nyingine inakuonyesha pa kubadilisha nadharia kama unadhani ina kasoro. Mi naona hili ndo jambo kubwa kabisa ambalo halisemwi mapema kwa wanafunzi, kwamba kulingana karatasini hakumaanishi kulingana kazini.

Hiyo ya 3+1 au ADM ni nini?

ADM ni Arnowitt, Deser na Misner, Wamarekani watatu waliofanya kazi hii kuanzia 1959 mpaka 1962, japo Dirac alikuwa ameshapita njia hiyo 1958. Wanachofanya ni hiki, unachukua anga-wakati yote ya vipimo vinne unaikata vipande kama boflo, kila kipande ni anga nzima ya vipimo vitatu kwa wakati mmoja, alafu unauliza kipande hiki kinabadilikaje kuwa kinachofuata. Hapo unakuwa na vitu vya aina mbili, umbo la kipande chenyewe, na namna kipande kilivyojikunja ndani ya anga-wakati inayokibeba.

Ile milinganyo 10 ya Einstein sasa inagawanyika. 6 inakwambia kipande kinavyosogea mbele, na 4 iliyobaki haisemi lolote kuhusu kusogea, ni masharti, lazima yatimie kwenye kila kipande la sivyo ulichonacho sio suluhisho. Alafu kuna uhuru wa kuchagua mwenyewe saa ziende kasi gani kwenye kila nukta na koordineti, namba za kutaja mahali, ziteleze upande gani. Fanya hesabu: metriki ina namba 10, toa 4 za uhuru wa koordineti, toa 4 za masharti, zinabaki 2 tu, na hizo 2 ndo zile namna mbili ambazo wimbi la graviti, yaani mtikisiko wa anga-wakati unaosafiri, linaweza kutikisika. Kwenye milinganyo ya mwanzo ukweli huo umefichika kabisa, humu unauhesabu kwa vidole.

Kitu kingine walichotuachia ni maana nzuri ya uzito wa mfumo mzima, unaosomwa kutoka mbali sana na mfumo wenyewe. Kwenye graviti swali la "nishati iko wapi" ni gumu mno kwasababu huwezi kunyoosha kidole kwenye nukta moja ukasema nishati ya graviti iko hapa kiasi hiki, ila jumla yake ukiwa mbali inaeleweka. Kwamba jumla hiyo kamwe haiwi hasi kama mata yenyewe ni ya kawaida, hilo lilithibitishwa na Schoen na Yau 1979 kwa jiometria ngumu, na Witten 1981 akalipata kwa njia fupi ajabu akitumia spina, vitu vya kihesabu tutakavyovikuta kwenye elektroni. Tena sura tofauti, kazi ikawa nyepesi.

Nimesikia kompyuta zilishindwa kugonganisha mashimo meusi kwa miaka mingi, ni kweli?

Kweli kabisa, na hii ndo hadithi ambayo kila anayedharau mambo ya "kuandika upya" inabidi aisikie yote.

Jaribio la kwanza la kugonganisha mashimo meusi, sehemu ambazo hata mwanga hautoki, ni la Hahn na Lindquist mwaka 1964. Miaka ya 1970 wakina Smarr na Eppley wakasogeza mbele mgongano wa uso kwa uso. Miaka ya 1990 Marekani ikaunda ushirikiano mkubwa wa vyuo vingi kwa ajili ya tatizo hili tu, kwasababu vitambuzi vya LIGO, vya kunasa mawimbi ya graviti, vilikuwa vinajengwa na watu walihitaji kujua wimbi litafananaje. Kompyuta zikawa kubwa, pesa ikaingia, na bado programu zilikuwa zinakufa kabla mashimo mawili hayajamaliza hata mzunguko mmoja.

Wengi walidhani shida ni nguvu ya kompyuta. Kumbe sehemu kubwa ya shida ilikuwa kwenye milinganyo yenyewe jinsi ilivyoandikwa. ADM katika umbo lake la kawaida ni sahihi kihesabu, lakini ina udhaifu ambao wanahesabu wanauelewa vizuri, makosa madogo yasiyoepukika ya kompyuta, yale ya kukadiria desimali, hayana breki, yanakua, na ukisogeza karibu zaidi nukta ambazo kompyuta inahesabia ukitegemea usahihi uongezeke ndo kwanza yanakua haraka zaidi. Karatasini masharti yale 4 yakitimia mwanzo yatatimia daima. Ndani ya kompyuta hayatimii kamili hata sekunde ya kwanza, na umbo la ADM halina kitu cha kuyarudisha.

Suluhisho lilikuja kwa njia mbili karibu wakati mmoja. Ya kwanza ni BSSN, herufi za majina ya Baumgarte, Shapiro, Shibata na Nakamura, inayotokana na kazi ya Nakamura, Oohara na Kojima ya 1987, ikaboreshwa na Shibata na Nakamura 1995, alafu Baumgarte na Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaonyesha wazi inavyoishinda ADM. Wanachofanya ni kutenganisha ukubwa wa kipande na umbo lake, kuongeza vigezo vipya ambavyo kihesabu havihitajiki, na kutumia masharti yenyewe kubadilisha milinganyo ya mwendo. Ya pili ni ya koordineti za hamoniki, yaani koordineti ambazo zenyewe zinafuata mlinganyo wa mawimbi, na hii mizizi yake ni ya zamani zaidi, mwaka 1952 Yvonne Choquet-Bruhat, mwanahesabu wa Ufaransa aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye Chuo cha Sayansi cha nchi hiyo mwaka 1979, alitumia koordineti hizo kuthibitisha kwamba ukiwa na hali ya mwanzo inayotimiza masharti basi milinganyo ya Einstein inakupa suluhisho kweli, angalau kwa muda fulani mbele. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na uthibitisho kamili kwamba nadharia inaweza kutabiri. Milinganyo ikiandikwa hivyo inafanana sana na milinganyo ya mawimbi ya kawaida, na mawimbi kompyuta inayajua.

Mwaka 2005 Frans Pretorius akachukua toleo pana la njia ya hamoniki, akaongeza kwenye milinganyo vipande vya ziada ambavyo thamani yake ni sufuri kama masharti yametimia, na kama hayajatimia vinayavuta yarudi. Tafakari hilo kidogo, aliongeza sufuri kwenye milinganyo, na kwa mara ya kwanza mashimo meusi mawili yakazungukana, yakaungana, yakatulia ndani ya kompyuta bila programu kufa. Miezi michache baadaye makundi mawili, moja la Brownsville huko Texas na jingine la NASA Goddard, kila moja kivyake, yakafanikiwa kwa BSSN. Baada ya zaidi ya miaka 40 ya kuhangaika, ndani ya mwaka mmoja zikawepo njia mbili.

Tarehe 14 Septemba 2015 LIGO ikasikia wimbi lake la kwanza, mashimo ya uzito wa jua kama 36 na 29 yakiungana kuwa moja la 62, na 3 zilizobaki zikaondoka kama mawimbi. Namba hizo tunazijua kwasababu kulikuwa na mawimbi ya kwenye kompyuta ya kulinganisha nayo.

Tetradi ni nini, na ina faida gani?

Badala ya kueleza anga-wakati kwa metriki yenye namba 10, kwenye kila nukta unasimamisha vekta nne, moja ya wakati na tatu za anga, kama maabara ndogo ya mtu aliyesimama pale. Zinakuwa namba 16, 6 zaidi, na hizo 6 ni uhuru wa kuizungusha maabara au kuipa mwendo bila kubadilisha chochote cha kweli.

Utauliza kwanini uongeze namba badala ya kupunguza. Jibu kubwa ni elektroni. Elektroni ni spina, ukiizungusha mara moja kamili haijirudii, inageuka ishara, na kitu cha namna hiyo hakiwezi kuandikwa kwa tensa za kawaida kwenye anga iliyopinda. Weyl na Fock mwaka 1929 walionyesha kwamba kwa tetradi inawezekana. Kwahiyo kama dunia yetu ina elektroni, na inazo, metriki peke yake haitoshi. Faida ndogo ni uvivu mzuri, ukifuata njia ya mwanahesabu Cartan, hesabu ya mpindo wa Schwarzschild (suluhisho la shimo jeusi lisilozunguka) inayojaza karatasi nyingi inaisha kwenye ukurasa mmoja au miwili.

Newman–Penrose nayo ni tetradi?

Ni tetradi ila vekta zake zimechaguliwa zifuate mwanga, mbili ni miale halisi, moja inaingia nyingine inatoka, na mbili zina namba changamano, zile zenye mzizi wa hasi moja ndani yake. Ilitoka 1962. Mpindo wa ombwe unakuwa namba tano changamano, na ya mwisho, inayoitwa Psi 4, ukiwa mbali sana na chanzo inakupa wimbi la graviti linalotoka. Ndo maana hata programu nyingi za BSSN zikimaliza kazi zinatumia Psi 4 kusoma wimbi, sura mbili ndani ya simulesheni moja.

Mwaka uliofuata, 1963, Roy Kerr akapata suluhisho la shimo jeusi linalozunguka, na kilichomsaidia ni mbinu za aina hii, kwenye metriki tupu watu walikuwa wametafuta karibu miaka 50. Teukolsky mwanzoni mwa miaka ya 1970 akatumia namba hizohizo za Newman na Penrose kupata mlinganyo mmoja unaoeleza shimo la Kerr likitikiswa. Na hapa sisi wa pwani tuna cha kujivunia, satelaiti iliyopima mionzi eksi ya Cygnus X-1, kitu kimoja huko angani, ikaiona ikibadilika haraka kiasi cha watu kushuku ni shimo jeusi, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru.

Kuna watu wanasema graviti sio mpindo kabisa, wamekosea?

Hawajakosea, ila inabidi usikilize wanasema nini hasa. Ukibeba vekta kutoka nukta moja hadi nyingine, mambo matatu yanaweza kwenda kombo. Vekta inaweza kuzunguka ukirudi ulikoanzia, huo ni mpindo. Msambamba unaoujenga kwa vekta mbili unaweza ukakataa kufunga, huo ni msokoto. Au urefu wa vekta unaweza kubadilika njiani. Einstein wa 1915 alichagua mpindo tu akaweka mengine sufuri.

Lakini unaweza kuchagua kinyume, mpindo sufuri kila mahali na graviti yote ikakaa kwenye msokoto. Einstein mwenyewe alianza kuchezea hesabu hii 1928, lengo lake lilikuwa kuunganisha graviti na sumakuumeme, na hilo halikufanikiwa, ila chombo kilibaki, na baadaye watu kama Møller, na Hayashi pamoja na Shirafuji, wakaonyesha kwamba ukichagua aksheni vizuri unapata milinganyo ileile ya rilativiti ya jumla. Mwaka 1999 Nester na Yo wakafanya hivyo na ile ya tatu, mpindo sufuri, msokoto sufuri, urefu tu ndo unabadilika. Sababu inayofanya zote zilingane ni kwamba aksheni zao zinatofautiana kwa kipande cha mpakani tu, na kipande cha mpakani hakigusi milinganyo.

Sasa utamu uko hapa. Tangu 1998 tunajua ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, na baadhi ya watu wanataka kueleza hilo kwa kubadilisha graviti. Ukichukua aksheni ya mpindo ukaiweka ndani ya fomula nyingine, kipande cha mpakani kinaacha kuwa kimya, kwahiyo marekebisho ya mpindo, ya msokoto na ya urefu yanakuwa nadharia tatu tofauti kabisa zenye utabiri tofauti. Mapacha watatu waliofanana mpaka ulipoanza kuwarekebisha. Mi bado sijashawishika na matoleo hayo yaliyorekebishwa, mengi yana matatizo ya vigezo vinavyojitokeza bila kualikwa, lakini swali lenyewe lisingeweza hata kuulizwa kama tungebaki na sura moja.

Einstein–Cartan ndo hiyohiyo?

Hapana, hapo watu huchanganya sana. Einstein–Cartan ni nadharia nyingine, ina mpindo na msokoto pamoja, na msokoto unatokana na spini, yaani mzunguko wa asili wa chembe za mata. Kwenye ombwe inafanana na rilativiti ya jumla, ndani ya mata inatofautiana, ila tofauti inaonekana kwenye msongamano mkubwa mno, kuzidi hata wa kiini cha atomu kwa mbali sana.

Na Palatini?

Unachukulia metriki na namna ya kubeba vekta kuwa vitu viwili huru, alafu aksheni yenyewe inakulazimisha uhusiano wao. Jina ni la Palatini ingawa aliyeandika njia hiyo kwa umbo tunalolijua ni Einstein, mwaka 1925. Kwa rilativiti ya kawaida unapata kilekile, ukirekebisha aksheni hupati kilekile.

Wanafizikia wa chembe mbona wanaongea kuhusu gravitoni tu, jiometria iko wapi?

Wao wanaanzia kwingine kabisa. Anga-wakati bapa, yaani isiyopinda, ndani yake uga wa chembe isiyo na uzito yenye spini 2, chembe hiyo ndo gravitoni, Fierz na Pauli walishaandika mlinganyo wake 1939. Uga huo lazima uvutwe na nishati, lakini wenyewe una nishati, kwahiyo lazima ujivute, na kujivuta huko kunaongeza nishati, inaendelea bila mwisho, na ukijumlisha yote unatua kwenye milinganyo ya Einstein. Deser mwaka 1970 alionyesha kwamba ukianza na umbo la Palatini, mlolongo huo usio na mwisho unaisha kwa hatua chache tu, jambo ambalo mi naliona moja ya hesabu nzuri kuliko zote kwenye somo hili.

Faida ni kwamba unarithi mbinu zote za chembe. Muingiliano wa gravitoni tatu ukiuandika kwa njia ya kawaida una vipande zaidi ya 100, balaa tupu, lakini Kawai, Lewellen na Tye mwaka 1986, na baadaye Bern, Carrasco na Johansson 2008, walionyesha kwamba migongano ya gravitoni inapatikana kwa namna fulani kwa kuzidisha migongano ya gluoni (chembe za kani inayoshikilia kiini cha atomu) kwa yenyewe. Mwaka 2019 Bern na wenzake wakatumia mbinu hizi kupata hatua ya tatu ya makadirio ya kani kati ya mashimo meusi mawili, kitu ambacho watu wa mawimbi wanakihitaji. Hasara yake ni hiyo anga bapa ya mwanzoni, haipimiki popote, na ukitaka kuongelea ndani ya shimo jeusi inaanza kukuzuia.

Ashtekar alifanya nini?

Watu walipojaribu kuipeleka ADM kwenye kwanta, walipata mlinganyo wa Wheeler na DeWitt wa 1967, mzuri kuutazama na hautatuliki, masharti yake yana mizizi na migawanyo inayotisha. Abhay Ashtekar mwaka 1986 akabadilisha vigezo, akafanya graviti ifanane na nadharia za Yang na Mills zinazoeleza kani za ndani ya kiini, na masharti yakawa polinomia rahisi. Gharama yake ni kwamba vigezo vilikuwa changamano na ilibidi uhakikishe jibu la mwisho ni namba halisi, Barbero 1995 akatoa toleo halisi ambalo linarudisha ugumu kidogo. Nadharia ya vitanzi, jaribio mojawapo la kuipeleka graviti kwenye kwanta, imejengwa juu ya hili, na Rovelli na Smolin mwaka huohuo wakapata kwamba ndani yake eneo linakuja kwa vipande, karibu mita za mraba 10 kwa kipeo cha hasi 70. Hakuna jaribio lililothibitisha hilo mpaka sasa.

Ipi sasa ndo sahihi?

Chukua ule mlio wa 2015, sehemu iliyosikika ilikuwa kama sehemu ya tano ya sekunde. Mwanzo wake, mashimo yakiwa bado mbalimbali, unahesabiwa kwa kujongea hatua kwa hatua kutoka anga bapa. Katikati, kwenye mgongano, ni BSSN au hamoniki. Mwisho, shimo jipya likitulia, ni mlinganyo wa Teukolsky. Kwenye maungio namba zinakubaliana, na ukiuliza ipi kati ya hizo ni graviti ya kweli, jaribio haliwezi kukujibu maana zote ni nadharia moja.

Nianze na ipi?

Metriki, hamna njia ya mkato. Hesabu Schwarzschild kwa mkono mpaka mwisho hata kama itakuchukua wikiendi nzima, alafu ihesabu tena kwa tetradi uone karatasi zinavyopungua. Ukipenda kuandika programu nenda 3+1 kisha BSSN, kuna Einstein Toolkit, programu za simulesheni za graviti, ni ya bure na msimbo wake uko wazi, ila endesha kwanza mfano mdogo wa shimo moja lililotulia, na kabla hujaangalia picha yoyote fungua faili la masharti uone kama yanabaki karibu na sufuri.